Michezo ya mezani: Usiache mbachao kwa msala upitao

Wapo walimu wengi, na wazazi wengi zaidi, ambao wakimwona mwanafunzi ameinamia ubao wa mchezo humhesabu kuwa anapoteza wakati. Kwao, mchezo ni shughuli ya mtu asiyekuwa na shughuli, na mtu mzima anayeuzungumzia kwa dhati hana budi kuchekwa. Fikira hiyo ina kasoro. Katika nchi nyingi za Ulaya na huko Marekani, michezo ya mezani, yaani ile ya ubao, karata, dadu na kete, imekuwa sanaa kamili iliyo na watunzi wake, wahakiki wake, tuzo zake na soko lake. Kila mwaka unapoanza, wapenzi wa uraibu huu huulizana ni mtindo gani utakaotawala, kama vile wapenzi wa fasihi wanavyongojea riwaya mpya.

Nimeona vyema kuuchunguza msururu huo wa mitindo, kwa sababu una funzo kwetu sisi tunaofundisha na kwenu nyinyi mnaosoma. Ukiutazama tangu mwisho wa karne iliyopita hadi leo, utaona kwamba mitindo mingi huja kwa kishindo na kuondoka kimyakimya. Michezo inayodumu aghalabu huwa imesimama juu ya mafiga matatu: kanuni zilizoandikwa vyema, mtunzi anayetajwa kwa jina, na wahakiki wasionunuliwa. Figa moja likikosekana, chungu hupinduka. Na hapo ndipo penye uchungu wetu, kwa maana sisi tuna mchezo mkuu ambao mafiga yake tumeyaacha yalegee.

Kwanza tuitazame kalenda yenyewe. Mwaka wa michezo umegawika kama mwaka wa shule ulivyo na mihula. Mwanzoni mwa mwaka wachapishaji hukutana mjini Nürnberg, Ujerumani, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea. Mnamo Mei au Juni hutangazwa michezo iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Spiel des Jahres, maana yake Mchezo wa Mwaka, na mnamo Julai mshindi hutajwa. Mwezi wa Agosti Wamarekani hufurika Indianapolis katika kongamano la Gen Con, lililoanza mwaka wa 1968. Hatimaye, mwezi wa Oktoba, yanakuja maonyesho makubwa ya Essen, yaliyoanza mwaka wa 1983. Mwaka wa 2019 maonyesho hayo yalihudhuriwa na watu 209,000. Mwaka wa 2020 yaliendeshwa kwa intaneti pekee kwa ajili ya janga la korona. Na mwaka wa 2024 waliohudhuria walikuwa 204,000. Baada ya Essen hubakia Krismasi, wakati ambapo familia za Ujerumani hununua mchezo wa kucheza pamoja majira ya baridi.

Katika kalenda hiyo, tuzo ndiyo nguzo. Ilianzishwa na waandishi waliokuwa wakihakiki michezo katika magazeti ya Kijerumani, na mshindi wa kwanza alipatikana mwaka wa 1979. Mchezo ulioshinda ulitungwa na Mwingereza David Parlett, nao ulitokana na ile hadithi ya mbio za sungura na kobe ambayo hata watoto wetu wanaijua. Walimu wa hisabati wangeupenda. Hauna dadu. Mchezaji hulipa karoti ili asonge mbele: hatua moja kwa karoti 1, hatua mbili kwa karoti 3, hatua tatu kwa karoti 6, hatua nne kwa karoti 10, na kuendelea. Anayekimbia sana hufilisika njiani. Anayejua kuhesabu na kusubiri hufika. Mtoto anayeucheza mara tatu huwa ameonja mfululizo wa namba bila ya mtu kumwandikia kanuni yoyote ubaoni.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waamuzi wa tuzo hiyo ni wahakiki, wala si watengenezaji au wauzaji. Kampuni haiwezi kununua ushindi. Ikishinda, ndipo hulipa ada ili iruhusiwe kuweka nembo ya tuzo kwenye kasha lake, na fedha hizo huendesha kazi ya jopo. Mchezo ulioshinda huweza kuuza nakala laki kadhaa kwa mwaka mmoja. Basi mnunuzi asiyejua lolote kuhusu michezo, akiiona nembo hiyo dukani, hujua kwamba kuna watu waliouchunguza mchezo huo kwa niaba yake. Hilo ndilo figa la wahakiki.

Figa la mtunzi nalo lilipatikana kwa kupigania. Kwa miaka mingi kasha la mchezo lilikuwa na jina la kampuni tu, kana kwamba mchezo umejizaa wenyewe. Mwaka wa 1988, wakati wa maonyesho ya Nürnberg, kundi la watunzi liliandika na kutia sahihi tamko juu ya kipande cha karatasi ngumu cha kuwekea bilauri ya bia: hakuna hata mmoja wao ambaye angeitolea kampuni mchezo wake endapo jina lake halitaandikwa kwenye kasha. Kampuni zilisalimu amri moja baada ya nyingine, na mwaka wa 1991 watunzi wakaunda chama chao. Kipande hicho cha karatasi kilifanya mengi kuliko hotuba mia moja.

Anayedhani kwamba hilo ni jambo dogo na ayatafakari yaliyompata Elizabeth Magie. Mwanamke huyo Mmarekani alipata hataza mwaka wa 1904 kwa mchezo aliounda ili kuwafunza watu ubaya wa mabwanyenye wanaomiliki ardhi na kuwatoza wengine kodi. Mchezo ulienea kutoka mkono hadi mkono, ukabadilishwa hapa na pale, na mwaka wa 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kwa jina la Monopoly, ikimtaja mwanamume mwingine, Charles Darrow, kuwa ndiye aliyeubuni. Mchezo uliotungwa kuushutumu ulafi ukawa mchezo wa kuusherehekea ulafi, na mtunzi wake akasahaulika kwa miongo mingi. Asiyetajwa hana wa kumtetea, wala hana sauti kazi yake inapogeuzwa maana.

Baada ya majina kuandikwa, mitindo ilianza kufuatana kwa kasi. Mwaka wa 1995 tuzo ilimwendea Klaus Teuber, aliyekuwa fundi wa meno bandia, kwa mchezo wa Catan. Wachezaji hujenga vijiji na barabara katika kisiwa, na hawana budi kubadilishana mbao, matofali, sufu na nafaka. Hakuna anayeondolewa mchezoni na kuachwa akiwatazama wengine, na muda haupindukii kadiri. Teuber alifariki mwaka wa 2023, lakini mchezo wake ulikuwa umeshauza zaidi ya nakala milioni 30 duniani. Catan ndio uliowafungulia Wamarekani mlango wa michezo ya Kijerumani, na kwa miaka kadhaa kila kampuni ilitaka kuwa na kisiwa chake na biashara yake ya mbao.

Mwaka wa 2008 ulikuja mtindo mwingine. Mmarekani Donald X. Vaccarino alitoa mchezo wa karata uitwao Dominion. Kabla ya hapo, mtu aliyecheza karata za kukusanya, kama zile za Magic: The Gathering zilizoanza mwaka wa 1993, alilipanga fungu lake nyumbani kabla ya kukutana na mwenzake, na mwenye pesa nyingi alikuwa na karata nzuri nyingi. Vaccarino aliichukua kazi hiyo ya kupanga fungu akaifanya ndiyo mchezo wenyewe. Wote huanza na karata 10 duni zilizo sawa, kisha kila mmoja hujipatia nyingine zamu baada ya zamu. Dominion ilishinda tuzo mwaka wa 2009, na haukupita muda kabla ya rafu za maduka kujaa michezo ya namna hiyohiyo. Mingi kati ya hiyo imekwisha kusahauliwa. Dominion ingali inachezwa.

Hali iliendelea hivyo. Mwaka wa 2018 ilivuma michezo ya kurusha dadu na kujaza alama kwenye karatasi, mathalan Ganz schön clever wake Wolfgang Warsch. Watu walishangilia upya wake, ilhali Yahtzee ilikuwa ikiuzwa tangu miaka ya 1950 kwa msingi uo huo wa dadu, kalamu na karatasi. Mwaka wa 2020 tuzo ya wachezaji wazoefu, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2011, ilinyakuliwa na The Crew, kazi ya Thomas Sing. Mchezo huo ni wa turufu, kama zile karata zinazochezwa barazani Mombasa, Lamu na Unguja, isipokuwa kwamba wachezaji wote wako upande mmoja, na wanapaswa kuhakikisha kwamba kila mmoja wao amekula karata aliyopangiwa, bila ya kuambiana kilichomo mikononi. Tangu wakati huo michezo ya turufu imemiminika tena sokoni. Wazee wetu wa barazani wangeambiwa kwamba turufu ni mtindo mpya, wangecheka mpaka kahawa ikamwagika.

Sisemi haya kwa kubeza. Kinyume chake, nasema kwamba katika michezo, upya mara nyingi ni jambo la kale lililotazamwa upande ambao haukuwahi kutazamwa. Sing hakubuni turufu. Alibuni swali jipya juu ya turufu. Ndivyo pia mtunzi wa shairi anavyochukua vina na mizani alivyorithi akasema navyo jambo ambalo halijasemwa. Kosa la soko si kurudia ya kale. Kosa lake ni kuyarudia bila ya swali lolote jipya, kwa sababu tu yaliuzika mwaka uliotangulia.

Upo mtindo mmoja ambao naamini si wa kupita, nao ni ule wa ushirikiano. Mwaka wa 2008 Matt Leacock alitoa Pandemic, mchezo ambamo wachezaji wote hupambana pamoja na maradhi yanayoenea duniani. Ama washinde wote ama washindwe wote. Tangu hapo mkondo umeongezeka nguvu. Tazameni washindi wa tuzo ya Mchezo wa Mwaka: Just One mwaka wa 2019, MicroMacro: Crime City mwaka wa 2021, Dorfromantik mwaka wa 2023, Sky Team mwaka wa 2024, na Bomb Busters wake Mjapani Hisashi Hayashi mwaka wa 2025. Yote hiyo ni michezo ya kusaidiana. Katika miaka saba, ushirikiano ulishinda mara tano. Katika Sky Team watu wawili, rubani na msaidizi wake, hutua ndege kwa kupanga dadu huku wamenyamaza, kila mmoja akijaribu kuyasoma mawazo ya mwenzake.

Mwalimu yeyote anayeliongoza darasa la wanafunzi hamsini anapaswa kuuzingatia mkondo huu. Tumewazoesha vijana wetu kuamini kwamba kila shindano lazima liwe na nambari wani na nambari wa mwisho. Mchezo wa ushirikiano humfunza mwanafunzi hodari jambo gumu kuliko ushindi, nalo ni kumpa mwenziwe nafasi ya kufikiri. Kwa hakika udhaifu unaotajwa sana katika michezo hiyo ni kwamba mjuaji mmoja huweza kuwaamrisha wengine wote, na ndiyo maana watunzi stadi kama wale wa The Crew na Sky Team wamezuia mazungumzo. Wametatua kwa kanuni tatizo ambalo sisi darasani tumelishindwa kwa makaripio.

Mabadiliko mengine yamehusu maudhui, na hapa jambo linatugusa kabisa. Kwa miaka mingi watunzi wa Ulaya walivutiwa na enzi za ukoloni: meli, mashamba, makampuni ya biashara. Katika Puerto Rico, mchezo wa mwaka wa 2002 uliosifiwa sana, vijiduara vya rangi ya kahawia huletwa kwa meli na kupangwa mashambani, navyo huitwa walowezi. Kila aliyesoma historia anajua ni akina nani walioletwa kwa meli kulima mashamba ya visiwa hivyo. Mwaka wa 2015 mtunzi wa Austria, Alexander Pfister, alitoa mchezo alioupa jina la Mombasa. Ndani yake wachezaji hununua hisa katika makampuni manne, moja likiwa na makao Mombasa, na kuyaeneza barani Afrika. Waafrika wenyewe hawamo. Ramani ipo, bidhaa zipo, faida ipo. Wenye nchi hawaonekani.

Wahakiki na wachezaji walilalamika, na malalamiko yao hayakupotea bure. Mwaka wa 2022 ufundi wa mchezo huo wa Mombasa ulitolewa upya kwa jina la Skymines, na ramani ya Afrika ikaondolewa. Sasa makampuni yanachimba madini mwezini. Mwaka huohuo Puerto Rico nao ulitolewa kwa sura mpya iliyohamishiwa mwaka wa 1897, baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani. Naye Elizabeth Hargrave, kwa Wingspan yake iliyoshinda tuzo ya wazoefu mwaka wa 2019, alikwisha kuonyesha kwamba watu wanaweza kuvutiwa na ndege wa porini kuliko walivyovutiwa na himaya. Ni hatua njema. Hata hivyo, kuufuta mji wa Mombasa katika ramani si sawa na kuusimulia. Mwenye kuusimulia ipasavyo ni mwenyeji wake, naye bado hajatoa mchezo wake.

Sasa tuje kwenye mfuko, kwa kuwa ndio unaoviharibu vingi. Tangu mwaka wa 2009, mtandao wa Kickstarter umewawezesha watunzi kuomba fedha kwa umma kabla ya mchezo kutengenezwa. Sisi Wakenya tungeiita harambee, tofauti ikiwa kwamba kila anayechanga huahidiwa nakala. Harambee hiyo imewainua watunzi wadogo ambao hakuna kampuni ingewasikiliza. Lakini pia imezua tabia ya kununua ahadi. Mwaka wa 2020 mchezo wa Frosthaven ulichangiwa karibu dola milioni 13, na wengi waliochanga walingoja zaidi ya miaka miwili kabla ya kuupokea. Huo angalau ulifika. Wapo waliochanga wakaambulia barua za kuombwa radhi.

Zaidi ya hayo, harambee hizo hupenda ukubwa. Sanamu za plastiki zikiongezwa, wachangiaji huongezeka, na kasha huvimba hadi likafikia uzito wa kilo 10. Halafu kuna michezo ya kuharibiwa inapochezwa, mtindo ulioanzishwa na Rob Daviau kwa Risk Legacy mwaka wa 2011: karata huchanwa, ubao huandikwa na kubandikwa vibandiko, na hadithi ikiisha kasha halifai tena kuanzwa upya. Wako wanaosema kwamba hali hiyo huupa kila uamuzi uzito, na hawakosei. Lakini mchezo usioweza kurithiwa na mtoto wa mchezaji ni bidhaa zaidi kuliko ulivyo mchezo. Kila mwaka michezo mipya huhesabiwa kwa maelfu, na mingi huchezwa mara moja au mbili kisha ikarundikwa rafuni. Huu si tena uraibu wa kucheza. Ni uraibu wa kununua.

Udhaifu wa mpango huo ulifichuliwa mwaka wa 2025. Sehemu kubwa ya michezo inayouzwa Marekani hutengenezwa China, kwa maana viwanda vya huko vina ustadi wa kukata mbao, kuchapa karata na kumimina plastiki kwa bei nafuu. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145. Tuseme kasha limetengenezwa kwa dola 10: ushuru peke yake ungekuwa dola 14 na senti 50, hata kabla ya nauli na faida ya mwenye duka. Mwezi wa Mei ushuru huo ulipunguzwa hadi asilimia 30, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutokea. Baadhi ya makampuni yaliahirisha michezo, mengine yakawaachisha kazi wafanyakazi. Sekta iliyozoea kuleta jambo jipya kila mwaka ilitambua kwamba uhai wake umo mikononi mwa karani wa forodha.

Baada ya safari hiyo yote, msomaji anaweza kuuliza: Sisi tumo wapi? Tumo, tena tumo tangu zamani, ila bila ya jina. Miaka ya 1950 Mmarekani William Julius Champion aliutengeneza mchezo wa Kalah na kuusambaza kwao. Kalah ni mchezo wa kupanda mbegu mashimoni, yaani ndugu wa bao letu uliorahisishwa, na hadi leo watoto wengi wa Kimarekani huufahamu. Mwaka wa 2011 Stefan Feld aliutumia ufundi huohuo wa kuokota kete na kuzipanda moja moja katika mchezo wake wa Trajan. Mwaka wa 2014 Bruno Cathala akautumia katika Five Tribes. Wote wawili walisifiwa kwa ubunifu wao, na walistahili. Lakini huo ufundi wenyewe haukuanzia Ulaya. Ni mali ya watu ambao hawakuwahi kutia sahihi juu ya kipande chochote cha karatasi.

Bao la Waswahili lina mashimo 32 na kete 64. Lina hatua ya kunamua, ambapo kete zilizo mkononi huingizwa ubaoni, na hatua ya mtaji, ambapo zile za ubaoni pekee ndizo huchezwa. Lina nyumba, shimo lililo na sheria zake mahsusi. Si mchezo wa kubahatisha. Hauna dadu wala karata iliyofichwa. Mchezaji bingwa huona kichwani mwake kete zitakavyozunguka na mahali zitakapoishia kabla hajagusa hata moja. Mwaka wa 1995 msomi Mholanzi, Alex de Voogt, alitoa tasnifu juu ya umahiri huo katika Chuo Kikuu cha Leiden, baada ya kujifunza kwa mabingwa wa Unguja. Kadhalika Wakikuyu wana giuthi, Waluo wana ajua, na Wamaasai wana enkeshui. Ni familia kubwa, na sisi ndio wenyeji wake.

Lakini ni wanafunzi wangapi wa shule zetu za upili wanaoweza kueleza kanuni za bao kwa ufasaha, kwa maandishi? Ni walimu wangapi wanaoweza? Katika maduka ya vinyago huuzwa mbao zilizochongwa vizuri ajabu, na mtalii huondoka nazo hadi kwao akazitundika ukutani kama pambo, kwa vile hapana aliyempa hata ukurasa mmoja wa kanuni. Mzee aliyeijua mbinu ya kuulinda ushindi kutoka katika hali ya kushindwa huzikwa nayo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbacha wetu hatukuuacha tu; tumeuacha ukaliwa na mchwa, huku tukishangaa jinsi misala ya wenzetu inavyong'aa.

Najua kuna atakayenijibu kwamba bao ni mchezo wa wazee, na kwamba kijana wa leo ameshatekwa na simu. Jibu langu ni kwamba Ujerumani nako simu zipo, tena nyingi kuliko zetu, na bado zaidi ya watu laki mbili huenda Essen kuketi mezani na kutazamana ana kwa ana. Wengine watasema kwamba mchezo wa mapokeo hauna mtunzi, basi ni jina la nani litakaloandikwa? Liandikwe la mzee aliyeusimulia, la kijiji chake, na la mwanafunzi aliyenakili. Kama vile tunavyomtaja fanani tunapokusanya ngano, hatuna sababu ya kutomtaja bingwa tunapokusanya mchezo.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ama kwa hakika kuna utenzi gani wa kujifunza ulio rahisi kuliko huu? Ubao wa bao hauhitaji bandari wala ushuru. Unaweza kuchimbwa mchangani, na kete zikawa kokoto au mbegu za komwe. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi zoezi la kuandika kanuni za mchezo mmoja wa kwao kwa namna ambayo mgeni asiyewahi kuuona anaweza kuusoma na kuucheza bila ya kuuliza swali. Atagundua haraka kwamba hilo ni zoezi gumu la insha kuliko lolote lililomo vitabuni, kwa sababu kila neno lisilo wazi huzua ugomvi mezani. Mwalimu wa hisabati ahesabu kete pamoja nao. Mwalimu wa historia aulize mchezo ulitoka wapi na ulipita kwa nani.

Kisha, kila mwaka, chama cha wanafunzi katika shule kichague mchezo mmoja, uwe wa kale au uliotungwa na mwanafunzi, kiucheze mara nyingi, na kitoe uhakiki wake kwa maandishi: una uzuri gani, una udhaifu gani, unamfaa nani. Jopo lile la Ujerumani halikuanza na fedha. Lilianza na watu wachache waliocheza kwa makini na kuandika kwa uaminifu. Tuzo ya shule inaweza kuwa kipande cha karatasi, mradi waliokitia sahihi wameucheza mchezo kweli na hawakuhongwa.

Mwaka ujao utaleta mtindo mwingine, na ule utakaoufuata utaleta mwingine tena. Baadhi ya mitindo hiyo itakuwa mizuri, nasi tusiionee haya kuipokea na kujifunza kwayo. Lakini iwapo baada ya miaka kumi mtunzi wa mbali atatoa bao kwa sura mpya, akasifiwa kwa kubuni jambo ambalo halijapata kuonekana, tusije tukalalamika kwamba tumeibiwa. Kalamu tunazo, wazee wangalipo, na likizo ya Agosti inatosha kabisa kwa mwanafunzi kuketi na babu yake barazani akiwa na daftari mkononi.